Jaribio la Barafu Limegoma? Anza Kuangalia Hapa

Hodi hupigwa Jumapili jioni, na kazi inatakiwa shuleni Jumatatu asubuhi. Mimi ni fundi sanifu wa maabara, naishi Nkuhungu hapa Dodoma, na watoto wa mtaa wameshanijua. Anayekuja ana daftari lililolowa pembeni, na maneno ni yale yale.

"Shikamoo anko. Barafu yangu imegoma."

"Marahaba. Imegomaje?"

Hilo swali la pili ndilo lenye faida, maana "imegoma" ya mtoto mmoja si "imegoma" ya mwenzake. Nimeyapanga hapa kwa dalili, jinsi yanavyonijia mlangoni. Chini ya kila dalili nimetanguliza sababu inayotokea mara nyingi, ya nadra iko mwisho. Fuata mpangilio huo, usirukie ya mwisho kwa kuwa inasikika kisomi. Na usibadilishe namba kwenye jedwali ili zifanane na za kitabu kabla hujamaliza kukagua. Namba ikishapikwa, hakuna atakayejua kosa lilikuwa wapi, hata wewe mwenyewe.

Jaribio lenyewe mara nyingi ni hili: vipande vya barafu vinawekwa kwenye sahani, kimoja kinanyunyiziwa chumvi, kingine sukari, kingine mchanga, cha mwisho kinaachwa kitupu, kisha muda unahesabiwa. Wengine hulinganisha sahani ya bati na ubao wa kukatia mboga, wengine glasi ya maji ya kawaida na glasi ya maji ya chumvi.

Dalili: vipande viwili vinavyofanana vimeisha kwa muda tofauti

Hii ndiyo inayoongoza. Binti mmoja wa darasa la sita aliniletea dakika 41 na dakika 58. Vipande vyote vitupu, sahani zote za bati, meza moja.

Anza na ukubwa. Barafu nyingi tunanunua kwa jirani mwenye kibao cha "Barafu zinauzwa" getini, zimeganda ndani ya mfuko mrefu wa nailoni uliofungwa fundo. Ukizipiga mchi, kila kipande kinatoka na umbo lake, na hapo macho yanadanganya. Mchemraba wenye sentimita 3 kila upande una barafu zaidi ya mara tatu ya mchemraba wa sentimita 2, lakini eneo lake la nje, ambako joto linaingilia, limezidi mara mbili na robo tu. Ndiyo maana kikubwa kinachelewa na vijipande vinakimbia. Dawa yake ni kupima maji kabla ya kugandisha: bomba la sindano lisilo na sindano, mililita 20 kwa kila kikombe, vikombe vya aina moja. Bomba hilo linauzwa duka lolote la dawa.

Ukubwa ukiwa sawa, angalia mahali. Jua na upepo wa Dodoma ni washiriki wa jaribio hata kama hukuwaandika. Miezi ya Juni hadi Agosti sahani iliyo karibu na dirisha inapulizwa wakati mwenzake amejificha nyuma ya redio. Barazani saa nne sahani zote ziko kivulini, saa tano moja imeshapigwa jua. Kipimo chake ni rahisi: badilisha sahani nafasi, rudia. Kama mshindi amehama pamoja na nafasi, tatizo ni meza, si barafu.

Kisha maji yaliyokwisha kuyeyuka. Sahani ikiinama kidogo maji yanakimbilia ukingoni na kipande kinabaki juu ya bati tupu. Ikilala sawa, kipande kinakaa ndani ya dimbwi lake. Joto haliingii kwa njia moja katika hali hizo mbili. Dondosha matone mawili ya maji katikati ya sahani kabla ya kuanza, uone yanaelekea wapi.

Sababu ya mwisho ni baridi ya mwanzo, na watu huipa uzito kuliko inavyostahili. Barafu iliyotoka sasa hivi kwenye friza nzuri inaweza kuwa nyuzi 18 chini ya sifuri. Iliyotembea kutoka kwa jirani imeshafika sifuri na inatiririka. Lakini kupandisha gramu moja kutoka −18 hadi 0 kunahitaji takriban jouli 38, na kuiyeyusha kunahitaji jouli 334. Hiyo ni kama sehemu ya tisa tu. Tofauti yako ikiwa kubwa kuliko hapo, rudi juu.

Yule binti wa dakika 41? Nilimwambia arudie mbele yangu. Akatoa vipande viwili, kimoja akakiweka sahani, cha pili akakifumbata kiganjani huku mkono mwingine unatafuta saa kwenye simu ya mama yake. Simu ilikuwa na nywila. Mpaka mama aitwe, maji yalikuwa yanamchuruzika hadi kwenye kiwiko. Tumia kijiko, na saa iwe tayari kabla friza haijafunguliwa.

Dalili: chumvi imechelewesha badala ya kuharakisha

Kabla sijajibu huwa nauliza: chumvi uliinyunyizia juu ya barafu, au uliikoroga kwenye maji ukatumbukiza barafu ndani? Ni majaribio mawili, na majibu yake yanapingana. Watoto wengi wanafanya la pili wakitegemea jibu la la kwanza, halafu wanafuta daftari mpaka karatasi inatoboka.

Ukinyunyizia juu, chumvi inayeyuka kwenye utando mwembamba wa maji ulio juu ya barafu. Maji yenye chumvi hayagandi kwenye sifuri, yanahitaji baridi zaidi. Kwa hiyo barafu inayogusana nayo inaendelea kuyeyuka, na joto la kufanya kazi hiyo inalichukua hapo hapo, kwenye barafu yenyewe na kwenye sahani. Mchanganyiko unashuka chini ya sifuri, na kwa kuwa umekuwa baridi kuliko chumba kwa tofauti kubwa zaidi, unavuta joto kutoka nje kwa kasi zaidi. Gusa sahani kwa chini, utashtuka. Hapa chumvi inatakiwa ishinde. Isiposhinda, kwanza angalia kiasi: nusu kijiko cha chai kwenye kipande kikubwa ni kidogo. Pili, angalia kama ni chumvi ya mawe ambayo haikutwangwa. Mabonge yanateleza na kudondoka pembeni. Tatu, kama barafu ni kavu sana, imetoka friza wakati huo huo, chumvi inakaa juu bila kufanya kitu mpaka utando wa maji utokee. Isubiri dakika mbili, kisha nyunyiza.

Ukitumbukiza barafu kwenye glasi ya maji ya chumvi, mambo yanageuka. Katika maji ya kawaida, maji yanayotoka kwenye barafu ni ya baridi na mazito kuliko yaliyomo kwenye glasi, kwa hiyo yanazama, na maji ya uvuguvugu yanapanda kuchukua nafasi. Msafara huo unailetea barafu joto jipya kila wakati. Katika maji ya chumvi, maji yanayoyeyuka hayana chumvi, ni mepesi hata yakiwa ya baridi, hivyo yanaelea juu na kuizunguka barafu kama shuka. Msafara unakufa. Barafu inachelewa, na hilo ndilo jibu sahihi.

Huamini? Fanya hivi. Glasi mbili za mililita 250, maji ya chombo kimoja. Moja koroga vijiko viwili vya chakula vya chumvi mpaka iishe, kisha ziache zote nusu saa zitulie na zilingane joto. Weka kipande kimoja kimoja, dondoshea tone moja la rangi ya chakula juu ya kila barafu, usiguse tena. Kwenye maji ya kawaida rangi itashuka kama moshi uliopinduliwa, nyuzi nyembamba mpaka chini. Kwenye chumvi itakaa juu, mkanda mmoja wenye ukingo ulionyooka. Nimeliona mara nyingi na bado huwa ninainama kulitazama. Mwalimu akiona mchoro wa glasi hizo mbili hatauliza kwa nini chumvi imechelewa.

Kuna wanaotumia barafu za rangi za dukani, zile za ubuyu na za juisi, ili kuokoa rangi. Usifanye hivyo. Zina sukari, zinaanza kuyeyuka chini ya sifuri na hazina kiwango kimoja cha kuyeyuka, na juisi yake ni nzito kuliko maji hata bila baridi. Zile ni za kuliwa.

Sukari kwenye sahani ikionekana kama haifanyi kitu, haijaharibika. Gramu kwa gramu, chumvi inatoa chembe karibu mara kumi na mbili ya sukari ikiyeyuka kwenye maji, na kinachoshusha kiwango cha kuganda ni idadi ya chembe. Mchanga hauyeyuki, kwa hiyo kivulini hauna la kufanya. Juani ni habari nyingine: udongo wetu mwekundu unafyonza jua na barafu chini yake inakwisha mapema. Mtoto aliyeandika "mchanga huyeyusha barafu" alikuwa ameweka sahani juani.

*Simama hapa.* Barafu na chumvi vikichanganywa vizuri vinaweza kushuka hadi karibu nyuzi 21 chini ya sifuri. Usishike mchanganyiko huo kiganjani, na usikubali mashindano ya nani atavumilia. Ngozi inaungua kwa baridi kama kwa moto, na ganzi inakuja kabla ya maumivu, kwa hiyo hujui umeumia. Ngozi ikipauka na kufa ganzi, osha chumvi, weka sehemu hiyo kwenye maji ya uvuguvugu, yasiwe ya moto, na usisugue. Ganzi isipoondoka au malengelenge yakitoka, nenda zahanati.

Dalili: kipimajoto hakionyeshi sifuri

Sababu ya kwanza inachekesha kila mwaka: ni kipimajoto cha homa. Kinaanzia nyuzi 35 na kuishia 42 au hapo karibu, kimetengenezwa kwa ajili ya mwili wa mtu. Hata ukikizika kwenye barafu hakitasema kitu.

Kama ni cha maabara, tatizo linalofuata ni maji mengi na barafu kidogo. Vipande viwili vikielea juu ya glasi iliyojaa, chini kunaweza kuwa nyuzi 4 na juu sifuri, kwa kuwa maji ni mazito zaidi yakiwa kwenye nyuzi 4. Ponda barafu ndani ya taulo safi, jaza glasi, mimina maji ya kuziba nafasi tu, koroga, ngoja dakika tatu. Ncha isiguse kioo.

Bado inasoma 1 au 2? Huenda kifaa kina kosa lake. Rudia kwa barafu ya maji safi, kikisoma 1.5 tena, andika kosa hilo na ulitoe kwenye vipimo vyote.

Mwisho kabisa wanataja mwinuko. "Anko, Dodoma iko juu." Ni kweli, tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na maji yetu yanachemka karibu nyuzi 96 badala ya 100. Lakini mgandamizo wa hewa hauigusi barafu kwa kiasi hicho. Kwa mwinuko wetu kiwango cha kuyeyuka hakibadiliki hata kwa sehemu moja ya mia ya nyuzi. Mwinuko hauna hatia hapo.

Kinyume chake pia huja: kipimajoto kimefika sifuri, kikakaa hapo hapo dakika ishirini, mtoto anadhani kimekufa. Kizima hicho. Wakati barafu inayeyuka, joto linaloingia linafanya kazi ya kuibadilisha kuwa maji, halipandishi jotoridi. Vitabu vinaliita joto fiche. Joto linaloyeyusha gramu moja ya barafu lingetosha kupandisha maji yake kutoka sifuri hadi karibu nyuzi 80. Chora grafu, sehemu iliyolala ndiyo yenye maksi.

*Simama hapa.* Kipimajoto chenye uzi wa rangi ya fedha kina zebaki. Kikivunjika toa watoto chumbani, fungua madirisha, usifagie wala usimwage kwenye sinki. Mtu mzima avae glavu, akusanye matone kwa kipande cha kadi, ayatie kwenye chombo chenye kifuniko, kisha aulize afisa afya pa kupeleka.

Dalili: maji yaliyobaki ni pungufu

Umelinganisha ujazo na ujazo? Barafu inachukua nafasi kubwa kuliko maji yake. Mililita 100 za barafu zinatoa takriban mililita 92 za maji, hakuna kilichopotea. Ukitaka kuonyesha kwamba maada haipotei, tumia mizani.

Mizani nayo ikikataa, tazama matone yaliyobaki kwenye sahani ulipomimina. Kisha hewa: kiangazi chetu ni kikavu, na maji yaliyoachwa wazi mchana mzima yanakauka. Funika kwa sahani nyingine. Wakati wa mvua, Januari hivi, unaweza kupata kinyume, uzito unazidi, kwa sababu glasi ya baridi inavuta unyevu wa hewa na kutoa jasho kwa nje. Futa kwa kitambaa kabla ya kupima.

Dalili: iliyofunikwa blanketi ndiyo iliyodumu

Hakuna kosa. Blanketi halina joto lake, linazuia tu joto lisipite, na kwa barafu joto liko nje. Andika hivyo hivyo.

Dalili: barafu haigandi, au imeganda vibaya

Umeme ulikatika usiku. Uliza nyumbani kabla ya kulaumu friza. Au mlango unafunguliwa kila robo saa kwa ajili ya wateja wa maji baridi. Au mmejaza chupa zote kwa mara moja.

Unga mweupe chini ya sahani baada ya barafu kuyeyuka ni madini ya maji yetu. Maji mengi ya mji huu yanatoka visimani, Makutupora na kwingine, na birika lako limeshakuonyesha ukoko wake. Maji yanapoganda yanasukuma madini na hewa kuelekea katikati, ndipo kiini kinakuwa cheupe. Kwa jaribio la muda halina madhara.

Chupa ya kioo imepasuka ndani ya friza? Maji yanatanuka kwa takriban asilimia 9 yakiganda. Tumia plastiki, acha nafasi juu. Vigae vya kioo aokote mtu mzima.

Na mmoja kati ya kumi huja na hili: maji ya moto yameganda kabla ya ya baridi. Usicheke. Mwaka 1963 mwanafunzi wa Sekondari ya Magamba, Erasto Mpemba, aliona hivyo akitengeneza aiskrimu, akachekwa darasani. Baadaye akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza mwanafizikia Denis Osborne aliyekuja kuzungumza nao kutoka Dar es Salaam, na mwaka 1969 wakachapisha pamoja. Wanasayansi bado wanabishana. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walipima kwa uangalifu wasilione jambo hilo, na wakaonyesha kuwa kipimajoto kikihama sentimita moja tu kinaweza kuleta matokeo yanayofanana nalo. Kwa hiyo andika vikombe vilikaa wapi, kimoja kilikanyaga theluji ya friza au la, na "kuganda" kwako ni kuanza kuganda au kuisha.

Dalili: trei imenasa kwenye friza

Hapa ndipo panapotoka hasara ya kweli. Mwaga maji ya bomba chini ya trei, au zima friza, acha mlango wazi, weka matambara, subiri. Usitumie kisu, bisibisi wala nyundo. Nyuma ya ile theluji kuna bomba jembamba lenye gesi.

Nalijua hilo kwa gharama. Nilichokonoa kwa kisu cha mboga, mara moja, nikasikia *sss* kama tairi la baiskeli. Ukisikia hivyo, simama. Friji nyingi za siku hizi zinatumia gesi inayowaka, kwa hiyo usiwashe kiberiti, usichomoe wala kuchomeka kitu hapo karibu, fungua madirisha, toa watu jikoni, mwite fundi friji. Na friza inayokupiga shoti ukiigusa usiiguse tena. Zima swichi kuu, mtafute fundi umeme mwenye leseni, hata kama jaribio linatakiwa kesho.

Fundi wangu alikuja na kalamu ya wino. Akazungushia duara mahali palipotoboka, tundu dogo kuliko ncha ya pini, akaniuliza, "Mzee, ulikuwa unatafuta nini huku?" Nikamwambia barafu za mtoto wa jirani, za shule. Akatazama daftari lililokuwa mezani, akatazama duara lake, akaanza kuandika bei. Barafu za jaribio tulinunua nyumba ya tatu, zile za kwenye nailoni.